Machteld wa Odette

Wiki ile kiwanda cha magodoro kilipowafukuza washonaji, wifi yangu Machteld alishusha baiskeli yake ya mashindano kutoka ukutani, akaiingiza jikoni, akaigeuza magurudumu juu na kuanza kuifungua. Mimi naishi mlango wa pili. Nilikuwa nimekwenda kuazima siki. Nikabaki nimesimama.

"Unaiuza, wifi?"

"Naiosha."

"Siku hizi baiskeli inaoshwa kwa bisibisi?"

Hakucheka. Alininyooshea gurudumu, akapitisha kidole kwenye herufi nyeupe zilizozunguka rimu yote: DONSA, DONSA, DONSA. "Hili jina sitalizungusha tena kwa miguu yangu," akasema.

Donsa ndicho kiwanda chenyewe. Hapa Wezeke nusu ya watu wanalala juu ya magodoro yake, na nusu nyingine waliyashona. Ndicho pia kilichofadhili klabu yetu ya baiskeli: fulana zake, kofia zake, bendera za njiani. Fremu Machteld alijinunulia mwenyewe, lakini rimu, mikono ya pedali na nguzo ya kiti alipewa na klabu kama tuzo mwaka aliotwaa ubingwa, na zote zimeandikwa jina la mfadhili.

Mama yake, Odette, alianza kushona pale kabla hajaolewa. Siku ya kufukuzwa alipata ujumbe kwenye simu, yeye na wenzake wa zamu ya asubuhi: kazi inahamia nchi nyingine, kesho msije, vitu vyenu mtavikuta kwa mlinzi. Akaenda. Mlinzi, mtoto wa jirani, alimpitishia dirishani mfuko wa plastiki wenye aproni, mkasi na kikombe chake. Mfuko wenyewe umeandikwa: Donsa, lala salama.

Tangu hapo Odette alijifungia ndani, mapazia yamefungwa mchana kweupe, utadhani yeye ndiye aliyeiba kitu.

Kaka yangu Joost aliporudi kutoka kazini akakuta mnyororo juu ya meza na mikono ya pedali ndani ya beseni la saladi.

"Leo tunakula nini?"

"Mkate," Machteld akamjibu.

"Na kesho?"

"Mkate uliobaki."

Joost anamjua mkewe. Akakata mkate.

Za kwenye rimu zilikuwa stika, zikatoka kwa shida ndogo. Machteld alizipulizia moto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ikalegea, akazibandua polepole kwa ukucha, kisha akafuta utando uliobaki kwa kitambaa chenye spiriti. Shida ilikuwa mikono ya pedali. Pale herufi zilikuwa zimechapwa chini ya vanishi, na hazisikii spiriti wala matusi. Nguzo ya kiti nayo ni ya kaboni; dawa ya kuyeyusha rangi ingeila mpaka ndani. Ilibaki msasa tu, msasa laini wa maji, na subira. Subira Machteld hana.

Akavunja beseni? Hapana. Akalibeba, na mimi nyuma yake na msasa, tukavuka barabara mpaka kwa Odette. Tulipita mlango wa uani kwa sababu wa mbele haufunguliwi tena.

"Mama, shika hii."

"Nini?"

"Jina lao. Lifute."

Odette aliangalia kile chuma kama mtu aliyeletewa panya mezani. "Firmin wa klabu atakuua."

"Anikamate kwanza. Mara ya mwisho Firmin kupanda mlima, mimi nilikuwa sijazaliwa."

Odette akaketi. Akachovya msasa kwenye maji, akaanza kwa mizunguko midogo, bila haraka, kama anavyolainisha mshono. D ikafifia, ikaondoka. O ikafuata. Alipofika kwenye N machozi yakaanza kumtoka, akawa analia waziwazi na pua inatiririka, lakini mkono haukusimama. Mimi nilitaka kumpokea. Machteld akanikanyaga mguu chini ya meza.

Alipomaliza aliinua ule mkono wa pedali kwenye mwanga. Ulikuwa mweupe, mtupu, hauna mwenyewe.

"Unaupaka rangi gani?" akauliza.

"Nyeusi, nadhani. Haichafuki."

"Nyeusi ya nini? Kuna msiba? Mimi sijafa. Paka nyekundu."

Basi ikawa nyekundu, ile ya nyanya iliyoiva kupita kiasi. Vipande vyote, hata rimu, tulivitundika kwenye kamba ya nguo uani kwa Machteld. Alipuliza tabaka la kwanza vizuri, likakauka na wadudu wawili ndani yake. Tukapiga msasa upya. La pili lilichuruzika. La tatu Odette alimnyang'anya mwanawe kopo la rangi: "Unapuliza kama unazima moto! Pitisha tu, kama unanyunyiza chumvi." Akapitisha yeye mwenyewe, amefunga kitambaa puani, na rangi ikakaa.

Siku mbili kabla ya mashindano ya sikukuu ya kijiji, Firmin akaja. Firmin ndiye mwenyekiti wa klabu, na ndiye mwenye bucha. Si mtu mbaya, lakini amezoea kila mtu kumwambia asante.

"Machteld, nimesikia uvumi."

"Si uvumi. Ndivyo vile. Usiguse, rangi mbichi."

Akaviangalia vinavyoning'inia. Shingo ikaanza kufanana navyo rangi. "Vitu vya mfadhili hivi!"

"Vilikuwa tuzo. Ulinipa mwenyewe jukwaani na ukanibusu mashavu yote. Kama ni mkopo ungesema kabla hujabusu."

"Jumapili mkurugenzi wa kiwanda anakuja. Atakaa mbele kabisa. Akikasirika akaondoka, watoto wa klabu nitawavalisha nini? Hilo umefikiri?"

Machteld alipangusa vidole kwa kitambaa. Yeye ndiye huwafundisha wale watoto Jumatano. "Nimefikiri," akasema. "Kwa hiyo wajifunze mapema kwamba mtu akikununulia fulana, mama yako unamwachia amtupe?"

"Mambo ya kiwanda ni ya kiwanda. Baiskeli ni baiskeli."

Hapo Odette akatokea nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, kopo mkononi. "Firmin, mimi nyama nanunua kwako tangu enzi za baba yako. Wiki hii umeniona dukani?"

"Hapana, Odette."

"Umeniulizia kwa mtu?"

Firmin akavua kofia, akatazama ndani yake, akaivaa tena. "Fulana ya klabu asiivae," akasema, na akatoka.

Jumapili Machteld alijiandikisha peke yake, bila klabu, kwa fulana ya kijivu isiyo na chochote. Firmin alimnong'oneza mwamuzi, mama mmoja mnene kutoka mkoa mwingine. Mwamuzi akazungusha magurudumu, akabana breki mbele na nyuma. "Inakwenda na inasimama," akasema. "Mstarini."

Mwisho wa njia walikuwa wamesimamisha lango la kujazwa hewa, DONSA juu yake kubwa kama nyumba, na chini yake mkurugenzi kwenye kiti. Mzunguko wa kwanza ulipopita, mtangazaji akapaza sauti kwenye kipaza kama alivyozoea: "Na huyo ni Machteld Verhulst wa Donsa! Samahani... Machteld wa... wa nani huyu?"

"Wa Odette!"

Ilikuwa sauti ya Odette mwenyewe. Amesimama kwenye uzio, mbele ya watu wote, nywele amezitengeneza. Watu wakacheka. Mtangazaji, masikini, akarudia bila kufikiri: "Machteld wa Odette!"

Mzunguko wa pili washonaji wengine walikuwa wamesogea pale uzioni. "Wa nani?" akauliza mmoja. "Wa Odette!" wakaitikia. Wa tatu, wa nne, mpaka wanywaji wa bia wasiojua lolote wakawa wanapiga kelele pamoja nao. Rimu nyekundu zikipita, kijiji kizima kinaita jina la mshonaji aliyefukuzwa, na mkurugenzi amekaa na tabasamu lililoganda.

Machteld hakushinda. Kona ya mwisho wasichana watatu wenye nusu ya umri wake walimpita, akamaliza wa nne, akatapika karibu na lori la chipsi. Mkurugenzi alikuja hata hivyo kumpa mkono.

"Mikono yangu ina grisi," Machteld akasema, akaiacha kwenye usukani.

Mkurugenzi akamgeukia Odette. "Na wewe, bibi, unaitwa nani?"

"Umelisikia mchana kutwa," Odette akamwambia.

Kazi haikurudi. Kiwanda kilifunga chumba cha kushonea, na mwisho wa mwaka kikaacha kuifadhili klabu, kama Firmin alivyohofia. Watoto wanavaa fulana za zamani mpaka leo. Lakini wiki ileile ya mashindano wanawake wawili wa klabu walikuja na magurudumu yao kwapani, wakauliza kama msasa umebaki. Odette akawaonyesha pa kukaa.

Firmin alikuja mlangoni kutoa taarifa. "Kamati imekaa. Umeondolewa kwenye klabu."

"Sawa," Machteld akasema, vidole vyekundu. "Jumapili ijayo mnashindana wapi?"

Firmin, kwa mazoea, akamtajia kijiji na saa.