Mwano wa Mama Kwandu

Aliyeniletea sauti ile alikuwa Sylvester, karani wa kampuni moja ya pamba, mtu wa maneno mengi. Ilikuwa miaka ya soko huria, makampuni yanagombania pamba yetu, na kila aliyeuza alirudi nyumbani na simu ya Kichina. Mimi nilikuwa na kibanda na kompyuta moja pale Dutwa. Kazi yangu ilikuwa kuingiza nyimbo kwenye memori na kugeuza mafaili yaliyokataliwa na simu za watu.

"Scola, nigeuzie hii iwe mlio wa simu," akasema. "Simu yangu inaikataa."

Ilikataa kwa sababu alikuwa amerekodi kwa simu, faili likatoka AMR, na mlio ulitaka MP3. Nilipolifungua kusikiliza, nywele zilinisimama. Ulikuwa mwano, lile yowe la hatari ambalo Msukuma akilisikia anaacha ugali mezani, anachukua silaha na kukimbilia linakotoka. Wezi wa ng'ombe wanaliogopa kuliko polisi. Na aliyekuwa akilipiga ni mama yangu mzazi, Kwandu, siku jirani yetu alipovamiwa na kijiji kizima kikatoka kumwokoa.

Nilipaswa kusema hapana. Badala yake nilicheka, nikajivuna kidogo kwamba mama ana koo kali, nikageuza.

Mlio ulishika Dutwa nzima. Wiki ya kwanza watu walikurupuka sokoni, Anatoli muuza nyama akatoka na panga, kumbe kuna mtu anapigiwa na shemeji yake. Wiki ya tatu waligeuza shingo tu. Mwezi ulipokwisha hakuna aliyegeuza hata shingo.

Mama aliukuta siku alipokuja kununua chumvi. Aliingia kibandani bila kusalimia, na kwetu hilo si jambo dogo.

"Nimejisikia nikilia kwenye mfuko wa mwanaume nisiyemjua. Ni wewe?"

"Mayu, ni mlio tu. Watu wanaupenda."

"Mimi naishi peke yangu na ng'ombe wa marehemu baba yako, ng'wanone, mwanangu. Nina panga butu na sauti. Watu wakiizoea sauti, nimebaki na panga."

Akanitaka niufute. Nikamwitikia kwa heshima zote, na alipopinda kona tu nikamwekea mteja mwingine. Sijui ni ujinga gani ulikuwa umeniingia.

Siku chache baadaye akaja mgeni, mpole, viatu vya matairi vimejaa vumbi. "Mwadila," akanisalimu kama watu wa kwetu wanavyosalimiana mchana. Alitaka mlio huo huo. Simu yake ya zamani ilikataa MP3, nikamtolea WAV. Akausikiliza mara mbili.

"Na watu wa hapa hawashtuki ukilia?"

"Washtuke mara ngapi? Siku hizi hata ukilia wa kweli watapapasa mifuko kwanza." Nikacheka peke yangu.

Yeye hakucheka. Aliuliza mwenye sauti ni nani. Nikamwambia, kwa majivuno yangu yale yale, kwamba ni mama yangu, wa boma la mwisho nyuma ya mashamba ya pamba. Akashukuru, akaenda zake.

Siku ya gulio, saa tisa mchana, mwano ulisikika. Wanaume wakapapasa mifuko. "Pokea simu, wewe!" mtu akapaza sauti, na soko zima likacheka. Nami nilicheka. Lakini mlio wangu nilikuwa nimeukata uishe kwa sekunde thelathini, maana simu za watu zilikuwa na nafasi ndogo. Huu haukuisha. Uliendelea, ukapasuka, ukaanza tena, ukawa unavunjika katikati kama wa mtu anayekimbia.

"Ni mama!" nikapiga kelele. "Ni kweli, jamani, ni mama!"

Anatoli akanitazama akitabasamu, akisubiri nimalize utani. Nikamkamata shati nikamvuta. Tulipoanza kukimbia, mwano ulikuwa umenyamaza.

Boma lilikuwa wazi. Mama alikuwa amelala mlangoni mwa zizi, panga chini ya mkono wake, nyayo za ng'ombe zimempita pande zote. Nilimwita sana. Hakuwa na pumzi tena.

Baada ya maziko sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, waliketi kikao. Kwa sheria yao, asiyeitikia mwano anatengwa na kijiji, ila safari hii wangemtenga nani? Hakuna aliyetoka kwa wakati. Kamanda wao, Bujiku, akauliza jambo moja tu: nani aliwaambia wezi kwamba Dutwa hawaitikii tena?

Watu wakaangaliana. Nilitaka kusema ni mimi, nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa mbele, kitenge cha msiba kichwani. Wakaja mmoja mmoja, wakanishika mkono, wakanipa pole.