Harufu Waliyosingizia Omena

Maneno yale Nerima aliyasikia bombani, na tangu siku hiyo yakamganda kama kupe: kwamba Achola, muuza omena, ameweka dawa. Aliyeyaleta ni Wangeci, mama ambaye hajawahi kuleta habari njema tangu ahamie Bondeni.

"Dawa gani?" Nerima akauliza.

"Dawa ni dawa, Mama Travis. Kwani biashara inakua hivi hivi? Lazima mtoto wa mtu aende."

Nerima na Achola waliishi nyumba moja kuukuu iliyokatwa katikati kwa mbao. Wiki ile harufu ya samaki waliooza iliingia kwa Nerima ikakaa, na kila asubuhi kichwa kilikuwa kikimgonga. Ijumaa Achola mwenyewe akaja mlangoni, pua ameikunja.

"Mama Travis, kwenu kumeoza nini?"

"Kwetu? Wewe muuza samaki ndiye unaniuliza mimi?"

"Omena yangu imekauka kama misumari, dada yangu. Hii si yangu. Hata inanuka kitunguu saumu."

"Nenda zako, Achola."

Akaenda akicheka, lakini Nerima alimwona akichungulia chumba cha mtoto, na moyo ukamlipuka.

Jumamosi asubuhi Travis, mwanawe wa pekee, miaka minane, aliamka akitapika. Alisema tumbo linakatwa na kisu. Alikuwa akihema kama aliyepanda mlima mbio, na bado mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni.

"Jana ulikula nini?"

"Omena. Auntie Achola alinionjesha."

Nerima akapiga nduru.

Watu walitoka kama nyuki. Ndung'u wa bodaboda alikuja na rungu, Kiptanui fundi wa kuchomelea akaja na kipande cha bomba. Achola alivutwa kwa nywele mpaka uani, beseni lake likapinduka, omena ikatapakaa matopeni. Aliuma mkono wa mtu. Akapigwa teke la mdomo, meno mawili yakabaki chini pamoja na samaki.

"Toa dawa! Dawa iko wapi?" Ndung'u alinguruma.

"Sina dawa! Nerima, waambie! Harufu inatoka kwenu!"

"Mmesikia?" Nerima akapaza sauti. "Hata akifa atatukana!"

Bomba likashuka begani, mfupa ukalia kama kuni kavu. Nerima mwenyewe alivua kiatu akampiga usoni, mara tatu, nne, kisigino kikazama kwenye jicho. Hakusikia mkono wake ukichoka.

Ndipo alipoona Travis amesimama mlangoni, amejishika tumbo. "Mum, waambie wamwache auntie."

Alimbeba akamrudisha kitandani. Kwa kuwa alikuwa baridi, akamfunika blanketi mbili. Kwa kuwa hakutaka aone damu, akafunga dirisha, akafunga na mlango. Kisha akarudi uani.

Walimwacha Achola alipoacha kupiga kelele. Nerima alipofungua chumba, midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Ndung'u akawapakia kwenye pikipiki, shati lake likiwa bado limelowa damu, mpaka hospitalini.

Daktari alikuwa msichana mdogo, Chelagat. Alipima, akashtuka, akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote kwa nyumba?"

"Hakuna, daktari. Hata ya kichwa hatuna."

"Fikiria tena. Dawa."

"Nakuapia."

"Mtoto analala wapi?"

"Chumba cha ndani. Godoro tumeweka juu ya magunia."

"Magunia ya nini?"

"Mahindi. Baba yake aliyaleta kutoka Molo."

Chelagat akaweka kalamu chini. "Mpigie."

Makhanu, mumewe, alikuwa Mai Mahiu, akipakia lori. "Kwa mahindi? Si niliweka dawa," alisema. "Ya wadudu. Vile vidonge vya kufungiwa kwa gazeti. Nilikuambia, Nerima, nimeweka dawa."

Kweli alimwambia. Na yeye alikuwa amejibu, sawa.

Chelagat alieleza huku mikono yake ikifanya kazi. "Mwili ni seli, mama, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna majiko. Ugali unageuka sukari, hiyo ndiyo makaa. Hewa ndiyo inayoyafanya yawake. Nguvu inayotoka hapo ndiyo inayofanya moyo upige. Vidonge vile vikipata unyevu vinatoa gesi. Anaivuta, inaingia kwenye seli, inazima jiko."

"Lakini si umemwekea oksijeni puani?"

"Hewa iko. Sukari pia iko. Jiko ndilo limekataa kuwaka. Ndiyo maana amepoa hivi."

"Basi mpe dawa!"

"Hii haina dawa, mama. Tunausaidia moyo tu, tunangoja." Akamtazama. "Ulimtoa chumbani saa ngapi?"

"Alitoka mwenyewe," Nerima alisema. "Halafu nikamrudisha."

Travis alikufa saa kumi jioni, akili zake zote zikiwepo, akiomba maji. Achola aliishi, na jicho moja. Nerima alipoenda kusimama kando ya kitanda chake, Achola aligeuza uso ukutani, na hakuna aliyemlaumu.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Usiweke mahindi yenye dawa ya vidonge kwa nyumba mnayolala. Hata chumba cha pili. Hata dirisha likiwa wazi.

Usinunue vidonge vya kufungiwa kwa gazeti. Kazi hiyo ina watu waliofunzwa.

Usivimwagie maji ukidhani unavizima.

Usingoje harufu, wakati mwingine haiko. Ikiwepo ya samaki mbovu au kitunguu saumu, usitafute mwenye makosa. Toa kila mtu nje.

Usimrudishe mgonjwa ndani ati ana baridi. Hospitali, mara moja.

Ukiulizwa hospitalini, usiseme hakuna dawa. Taja ya mahindi, ya panya, ya ng'ombe, ya kunguni.

Usimnyoshee jirani mkono kwa maneno uliyoambiwa.

Usimfungie mtoto mlango.