Nakala Zinazokatikia Njiani

Kompyuta ya Sabiha ilikuwa inakata roho, na pale nyumbani Majengo hakuna asiyejua, maana ilikuwa inagonga. Diski yake ililia kama kuku anayedonoa bati. Humo zilikaa picha zote alizopiga tangu aachane na kamera ya filamu: harusi za Ihumwa, ubatizo wa Kibakwe, maulidi, misiba, na wazee wa Busi ambao hawakuacha sura yao kwingine duniani. Diski ikifa kabla picha hazijahamishwa, basi tena.

Pa kuzihamishia palikuwepo. Alikwisha kununua kisanduku cha kuhifadhia nakala, akakiweka sebuleni penye stabilaiza, kwa jinsi umeme ulivyoyumba. Nyaya zilipenya ukutani kutoka chumbani, kwenye kompyuta zake mbili, hiyo ya picha na ile kongwe ya kuchapia kadi za mialiko. Kazi ilikuwa kubonyeza na kusubiri. Akibonyeza, nakala zinakwenda, zinakwenda, zikifika katikati zinakatika. Skrini inamwambia kisanduku hakionekani. Anakiwasha upya kwa swichi ya stabilaiza, anarudia. Yale yale.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila ukuta wa Dodoma umetobolewa mlango wa duka, na kaka yake, Abdulnasiri, alikitaka kile chumba cha kompyuta kiwe ghala la alizeti.

"Picha, picha! Mtu anakula picha?" alimwambia. "Ikifa hiyo, uje dukani unipimie mafuta."

"Zikipotea, chumba chukua," Sabiha akajibu. "Zikipona, usinitajie chumba mpaka nizikwe."

"Mzigo unaingia Ijumaa, dada. Jiandae."

Akaitwa Bushiri, kijana fundi wa kompyuta. Akamwamkia Bi Rukaya, mama yao Sabiha na mwenye nyumba ile, kisha akainama kazini. Akasaka virusi, akabadilisha waya, akakifuta kisanduku na kukianzisha upya. Mbele ya macho yake nakala ziliteleza kama uji. Alipotoka tu na baiskeli yake, zikakatika. Akaja tena, ikawa vilevile.

Abdulnasiri alicheka mpaka akashika mlango. "Hata mashine inajua mwanamume akiwepo!"

"Basi itamjua na mwanamke," alisema Sabiha.

Ijumaa asubuhi akaanzisha nakala, lakini hakukaa chumbani mbele ya skrini. Alibeba kigoda akaketi sebuleni, uso kwa uso na kisanduku.

"Chumbani kwako kuna nini?" Bi Rukaya akauliza.

"Nataka nikione kikinisaliti."

Kila kitu pale sebuleni kilivaa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, friji, hata simu ya mezani. Kwa Bi Rukaya, chombo kikikaa wazi sebuleni, aibu ni ya mwenye nyumba. Sabiha alikua akiviona vitambaa hivyo hadi akawa havioni tena. Taa za kisanduku zikamemeta kupitia matundu ya uzi. Zikamemeta, kisha zikazima zote kwa pamoja. Alipeleka kidole akiwashe, akaruka. Moto kama pasi! Akafunua kitambaa. Chini yake kulikuwa na nailoni, imefungwa vizuri pande zote, tundu la feni limezibwa kabisa.

"Mama! Nani kakivika hiki?"

"Mimi. Kwani yuko mwingine? Vumbi hili la kiangazi linaingia hata kwenye chumvi. Na yule fundi wako anafunua hafuniki. Malezi gani hayo?"

"Kinapumua, mama! Kikiwa na kazi nzito kinachemka, kikichemka kinajizima. Bushiri akiwepo kiko wazi, ndiyo maana kinafanya kazi."

"Kikae uchi? Wageni wakija waseme Rukaya kazeeka, hafumi tena?"

"Waseme."

Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo. Bi Rukaya alichukua kitambaa chake, akakikunja taratibu, akaenda jikoni. Huko sufuria zikaanza kusema kwa niaba yake.

Sabiha alikiacha kisanduku kipoe, akaanza upya.

Baada ya sala ya Ijumaa Abdulnasiri akaingia na wapagazi na magunia ya alizeti. Nakala zilikuwa zimevuka katikati.

"Haya, toka."

Sabiha akaketi kwenye kizingiti cha chumba chake, miguu kaikita mlangoni. "Litakalopita, lipite juu yangu. Niletee kamera kwanza nijipige, harusi ijayo watu wakuone unavyomkanyaga dada yako."

Wapagazi wakacheka, wakatua mizigo.

"Mama! Msemeshe mwanao!"

"Mwanangu yupi?" sauti ikatoka jikoni. "Mmoja kanivulia sebule, mwingine kaijaza makapi. Malizaneni!"

Diski ikagonga, ikagonga, ikashika kasi. Sabiha hakuigeukia. Alimkazia macho kaka yake mpaka kompyuta ikapiga kengele ya kumaliza. Haukupita muda skrini ikawa nyeusi, kugonga kukakoma.

"Imekufa!" Abdulnasiri akapiga makofi. "Mmeiona wote, imekufa!"

"Imekufa," alisema Sabiha. Akanyanyuka, akaiwasha ile kongwe, akafungua kisanduku. Ikatokea sura ya kizee wa Busi, meno mawili, anacheka. Ikafuata nyingine, na nyingine, hazina mwisho.

Abdulnasiri alisimama, mikono haijui iende wapi.

"Kaka," Sabiha akavuta kiti, akaketi, "magunia yako yameziba mlango. Wateja wangu watapita wapi?"