Ramani ya Jumamosi

Priscille alikuwa amekwisha kuanika ramani ya Ijumaa dirishani, na sasa alikuwa anakamua ya Jumamosi. Yeye alishika pembe mbili, mwenzake Didier akashika mbili nyingine, wakaisokota kama shuka juu ya beseni. Maji yalitoka ya kahawia.

Ndivyo kazi ilivyofanywa katika ofisi ile ya utabiri, kwenye mteremko wa Bukavu unaotazama ziwa. Kila asubuhi kompyuta ilipokea hesabu za modeli tatu za hali ya hewa kutoka nje, printa ikachapa ramani za siku zinazokuja, na zile za siku za mvua zilitoka zikiwa zimelowa. Za siku kavu zilitoka zikinuka vumbi.

"Iyi iko nzito," Didier alisema. "Sawa matelas ya kulalia ya mutoto mwenye kukojoa."

"Sokota, usiongee."

Modeli mbili zilikuwa zimetoa Jumamosi kavu. Hizo huigawa dunia katika miraba mikubwa, na katika mraba wa Bukavu ziwa, jiji na milima vimesawazishwa kuwa uwanda mmoja. Mvua inayozaliwa mlimani haina mahali pa kuzaliwa humo. Modeli ya tatu ina miraba midogo. Inaiona milima, na inaliona hata korongo lililo chini ya ofisi. Ramani yake ndiyo iliyolowa.

Maji yalipopungua likatoka tope, kisha kandambili moja, kipande cha bati, na sufuria ambayo mshikio wake ulifungwa kwa waya. Priscille alivipanga juu ya gazeti, kando ya ukuta.

Mkuu wa ofisi, Papa Bulonza, aliingia akiwa na simu sikioni. Siku ya Jumamosi wakubwa kutoka Kinshasa wangeweka jiwe la kwanza la soko jipya, na mahema yalikuwa yamekwisha kusimamishwa. Alizikagua ramani zote tatu bila kuzigusa, kwa ajili ya shati lake.

"Modeli ngapi zinasema jua?"

"Mbili, chef. Lakini ile mbili haionake mulima."

"Mbili juu ya moja. Tuko katika démocratie, Priscille. Jua limepita."

"Na iyi tope?"

"Tope haipigake kura."

Alisema hivyo bila hasira. Alikuwa amesomea hali ya hewa ng'ambo, na diploma yake ilitundikwa upande wa ukuta usiofikiwa na maji.

Baadaye Faida alikuja na ndoo yake ya mandazi. Aliishi korongoni, katika nyumba ya mbao, pamoja na mama yake ambaye tangu kiharusi hakutembea tena. Kila mara mvua kubwa ilipotangazwa, shule iliyo juu ya kilima ilifungua madarasa ili watu wa korongoni walale humo. Bila tangazo lenye sahihi ya Bulonza, mlinzi hakufungua. Ndiyo maana Faida aliuza mandazi yake ofisini hapo kwanza, kabla ya kwenda kwingine.

Aliiona sufuria. Akaigeuza, akaugusa waya.

"Maman Priscille, iyi sufuria iko yangu. Nimeiacha ku moto sasa hivi, iko na maharagi."

"Hiyo iko ya samedi," Priscille alisema, akimwonyesha ramani ya Jumamosi.

Faida alichungulia ndani. "Ya samedi haina kitu," alisema. "Basi mama atalala ku masomo, kule kilimani. Munipe karatasi."

Priscille alimtazama mkuu wake.

"Karatasi inasema jua, maman," Bulonza alisema kwa upole. "Utaisikia ku radio sawa batu bote. Hatuwezi kutolea mutu mumoja mvula yake."

"Na sufuria yangu, papa chef?"

"Hiyo unaweza kubeba. Utie sahihi hapa."

Faida alitia sahihi kwamba amepokea sufuria moja, hali mbovu. Bulonza akapiga muhuri na kuifungia karatasi hiyo kabatini. Katika vitu vilivyookotwa, ofisi ilikuwa na uangalifu mkubwa.

"Sasa uko na sufuria mbili," Didier alisema. "Tajiri!"

"Moja nitakupea, uvae ku kichwa siku ya samedi."

Adhuhuri tangazo likasomwa redioni: Jumamosi jua, upepo mwanana, wananchi wote wafike kwa wingi. Faida alipanda hadi kwenye lango la shule hata hivyo, akamwonyesha mlinzi sufuria. Mlinzi alikubali kwamba ni ya Jumamosi, hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini sufuria haikuwa na muhuri.

Alasiri kona moja ya ramani ilikuwa bado haijakamuliwa, ile ya korongo. Ndani yake kulikuwa na kitu kirefu kisichokubali kusokotwa. Priscille alikipapasa kupitia karatasi. Alihisi blanketi, na ndani ya blanketi goti.

"Iko mutu, chef."

Bulonza alikuwa anavaa koti. Aliitazama ile kona kwa muda, kisha akaitazama saa.

"Kesho tuko na siku muzima," alisema. "Muache vile."

Didier na Priscille waliibeba ramani na kuilaza juu ya viti vya wageni, kwa kuwa katika beseni haikuenea. Priscille akainua upande mmoja taratibu, ule wa kichwa, akaweka gazeti lililokunjwa chini yake. Maji yalikuwa bado yanadondoka walipofunga mlango.