Upande wa Kushoto wa Ngazi

Mume wangu Yasuhide alipohamishiwa Tokyo na kampuni yake, aliniapia kwamba hatasimama upande wa kushoto wa ngazi za umeme hata wamchape. Sisi watu wa Osaka tunasimama kulia, mwenye haraka anapita kushoto. Tokyo ni kinyume.

"Siku utakayoniona nimesimama kushoto," alisema, "ujue wameshanichukua, Mama Kozue."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Miaka mitatu ilipokwisha, kampuni ikamwambia achague: arudi kwetu Osaka au abaki huko huko. Kwenye simu hakunijibu. Alisema atakuja aniambie ana kwa ana.

Nikamngoja jukwaani, kwenye kituo cha chini ya ardhi tunapobadilisha treni ya kwenda kwetu. Nilikuwa nimepaka rangi ya midomo, mwanamke mzima na akili zangu. Akashuka. Nywele zake, ambazo nimezikata mimi tangu tuoane, zilikuwa zimekatwa na mtu mwingine, tena vizuri.

"Umechoka, Baba Kozue?"

"Kidogo."

"Nyumbani kuna figili za kuchemsha. Ila ukianza kula kama mtu wa Tokyo, mchuzi nakunyima."

Akatabasamu kwa adabu, kama ninavyowatabasamia wateja wangu saluni.

Tukafika kwenye ngazi. Mimi nikasimama kulia. Yeye akaweka mguu kushoto, sambamba nami, akatulia. Wala hakujua amefanya nini. Nikasubiri ashtuke, acheke, ahamie nyuma yangu.

"Baba Kozue, uko kushoto," nikamwambia taratibu.

"Eh?"

Mama mmoja nyuma yetu akakohoa. "Wewe baba, umelala? Huo upande ni wa kupita. Basi panda, au sogea."

Nafasi ilikuwepo, mbele yangu na nyuma yangu. Ilikuwa hatua moja tu. Akaitazama ile nafasi, akanitazama mimi, kisha akamwinamia yule mama kumwomba radhi, akapanda peke yake mpaka juu.

Moyo wangu ulivunjika pale pale, katikati ya watu wanaotoka makazini. Nikabaki kulia, napandishwa polepole, naangalia mgongo wake. Huko juu alikuwa akinisubiri na maneno yake, na nilijua nikifika tu atayasema. Nikaomba ngazi zile ziharibike.