Spika za Upande wa Wanawake

Mwaka jana, kwenye maulidi ya Mfunguo Sita hapa kwetu Wambaa, wanaume walisimama kiyamu, uliposomwa uzawa wa Mtume, na siye wanawake tumekaa kitako. Upande wetu uko nyuma ya ukuta wa madrasa. Spika mpya zilinguruma hata vikombe vya kahawa vikatikisika, lakini neno halikutufikia. Bi Kazija, mkubwa wetu, ndiye aliyechungulia pazia akaona wenzetu wote wima. Umri wake wote hakuwahi kukosa kusimama uzawa unaposomwa. Alijifunika ushungi akalia.

Spika zile walizichagua wanaume. Ami Nyange, mdogo wake baba, alisimama mbele ya spika hizo dukani, ikapigwa kasida anayoijua tangu utotoni, akasema zimetimu. Hazikumaliza mwaka, moja ikaungua. Mwaka huu akina mama tulichanga fedha zetu za kuchambua karafuu, na Bi Kazija akasema bila ya Mwatum kuridhika hakinunuliwi kitu. Mwatum ni mimi. Nimeishia darasa la saba na mambo ya umeme siyajui. Ila kikonyo, kile kijiti kinachochambuliwa, nakijua na karafuu naijua, hata vikichanganyika vipi.

Basi nikenda mjini Chake na ami. Mwenye duka, Talib, alitupeleka kwenye spika mbili kubwa kama makabati. Akaweka kasida ileile ya ami, na ami akaanza kutikisa kichwa.

"Hizi, dada," Talib akaniambia, "zikipigwa hapa, hata kisiwani Fundo wanasikia."

"Fundo hatukuwaalika," nikamjibu. "Siye tuko nyuma ya ukuta tu."

Nikamwomba azime. Kasida unayoijua, nilimweleza, hata spika ikiyameza maneno yote, moyo wako unayajaza wenyewe. Kwa hivyo nilikuja na simu. Suhaila, binti yake ami, alikuwa amenirekodia sauti tatu mbalimbali, kila moja maneno kumi yasiyofuatana: jina la mtu, samaki, kijiji, chombo cha jikoni. Mimi sikuwahi kuzisikia. Maneno aliyaandika kwenye karatasi tatu, akazifunga kwa uzi. Nilimpa Talib simu na ami karatasi ya kwanza, ahesabu nitakayoyapata, nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo nyuma ya ukuta wa duka.

Spika kubwa zikaanza. Ukuta ulitetema mgongoni mwangu. Nikawa nasema kwa sauti kila ninachokipata: Mgogoni, changu, mbuzi ya nazi. Baada ya hapo nilisikia makonyo matupu, ngurumo bila ya neno.

Niliporudi, ami alisema sikutega masikio, mawazo yangu yako kwenye maduka ya nguo. Sikubishana naye. Nilimwomba kwa adabu akakae yeye kwenye ndoo, mimi nishike karatasi ya pili. Talib akacheka, akamwambia, "Nenda mzee, usiogope, ndoo haing'ati."

Ami alikaa huko mpaka sauti ikaisha. Alipata mawili. Aliporudi alikuwa anafuta vumbi kwenye kanzu, na la kuhusu masikio yangu hakulirudia.

Nilikuwa nimeshaziona nyengine pembeni, nyembamba, ndefu kama nguzo za baraza. Talib hakutaka hata kuzigusa. Alisema ni ghali kuliko makabati, na watu wengi wakiziangalia hudhani hazina nguvu. Ami naye alinong'ona kuwa kutoa fedha zaidi kwa kitu kilichokonda kutafanya tuchekwe na kijiji kizima. Nikamwambia fedha tulizonazo zinatosha, na kicheko cha mwaka jana tulishakila siye.

Nikampa karatasi ya tatu, nikarudi kwenye ndoo yangu.

Safari hii ukuta haukutetema. Nilidhani hazijawashwa. Kisha Suhaila akaanza kusema, kama amekaa karibu yangu anachambua mchele. Mwatima. Nguru. Upawa. Mkoani. Nikayataja yote kumi, moja baada ya jengine, na kutoka ndani nilimsikia Talib akimwambia ami, "Kayamaliza."

Lakini sauti haikukatika. Suhaila aliongeza jambo ambalo kwenye karatasi halikuwemo. Nilingoja mpaka akamaliza, kisha nikalirudia kama alivyolisema, polepole, ili ami ajue kuwa nyuma ya ukuta limefika:

"Na wewe baba, mwaka huu usisimame ukatuacha tumekaa."

Talib akazima spika.

Nilipoingia, ami alikuwa anaikunja ile karatasi mikunjo midogo midogo, anaitia mfukoni mwa kanzu. Hakuniangalia.

"Tufungie hizi nyembamba," akamwambia Talib. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, Bi Kazija hukaa pembe ipi, moja tuielekeze huko?"

Nikamchorea kwa kidole, juu ya sakafu ya duka, ukuta ulipo na pembe ya Bi Kazija ilipo. Akainama kuangalia.