Njia Kumi na Sita kwa Watu Wawili

Walipooana, kila mmoja alikuja na vyake, na nyumba ikajaa pacha: pasi mbili, ndoo mbili za kufulia, sufuria kubwa mbili zilizogombania jiko moja, na kompyuta mbili. Pasi moja wakampelekea mama mkwe. Ndoo moja ikapasuka kwa hiari yake. Zikabaki kompyuta, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana kila zilipowashwa pamoja umeme wa nyumba ulikatika na jirani wa juu akagonga sakafu kwa mwiko.

Mume alikuwa mhariri wa video za harusi, na mtaa mzima ulimwita Bwana Kamera. Mke alichora katuni za watoto, kwa hiyo akawa Bi Katuni. Wakati huo alikuwa akimtengeneza kobe mmoja mwenye kofia, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuvuka barabara salama. Wakakaa kitako wakakubaliana: iwe kompyuta moja, skrini mbili, na ndani yake kadi mbili za picha, zile zinazoendesha picha kwenye skrini, kila mtu na yake. Kilichokosekana ni mazabodi, lile bamba ambalo kila kitu cha kompyuta huchomekwa juu yake.

"Pasu kwa pasu," alisema Bi Katuni.

"Pasu kwa pasu, mke wangu. Haki ya Mungu," alijibu Bwana Kamera, akatoka kwenda dukani na kiapo chake bado kina joto.

Muuzaji alikuwa mtu mwembamba aliyetafuta miwani yake kila mahali isipokuwa juu ya kichwa chake. Alimwekea mazabodi mbili juu ya meza.

"Usitazame matundu, bosi. Matundu yanadanganya. Tazama chipseti," akasema, akigusa kwa kidole kidude kimoja kidogo kilichofunikwa kwa bati. "Huyu hapa ndiye mwenye nyumba. Kazi inakwenda kwenye kadi kwa njia kumi na sita. Hii chipseti kubwa inakubali zigawanywe, nane huku, nane huku. Hii ndogo haikubali. Kadi ya juu inabeba kumi na sita zote, ya chini inapewa vijinjia vinne vya uani."

"Mbona matundu yenyewe yanafanana?"

"Kwa macho, ndiyo."

Hapo shetani akavuta kiti akakaa. Kumi na sita zote! Bwana Kamera aliwaona mabibi harusi wake wakiteleza kwenye skrini bila kukwama, shela zikipepea. Na mke wake je? Mke wake anachora kobe. Kobe ana haraka gani? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijiambia, kana kwamba wahenga waliitunga methali ile kwa ajili ya wake za watu na matundu ya chini.

"Nipe yenye chipseti ndogo," akasema.

"Kadi zote mbili ni zako?"

"Moja ya mke wangu."

"Aha," alisema muuzaji, akaanza tena kutafuta miwani.

Bwana Kamera akaifunga mazabodi mwenyewe, kadi yake juu, ya mkewe chini. Siku za mwanzo zilikuwa asali. Mabibi harusi waliingia ukumbini karibu wakikimbia. Upande wa pili wa meza, kobe alisimama katikati ya barabara mguu mmoja juu, lori likija.

"Mbona kobe wangu ananyata hivi?" aliuliza Bi Katuni.

"Si ni kobe?"

Akaenda kuchekea bafuni, bomba la maji likiwa wazi. Mtu mzima na ndevu zake.

Kisha Jumamosi moja akaenda kupiga picha za harusi kutwa nzima, na aliporudi kazini Jumatatu dunia ilikuwa imepinduka. Bibi harusi aliinua mguu mlangoni na mguu ukabaki hewani. Bwana harusi alifumbua mdomo kupokea keki, akakaa hivyo hivyo mpaka Bwana Kamera akamaliza chai. Wakati huohuo kobe alikuwa ameshavuka barabara, amerudi, na sasa alipiga sarakasi juu ya lori.

"Mke wangu, kobe wako kazipata wapi mbio?"

"Mazoezi."

Angelalamika vipi? Kusema kadi yake inabanwa ni kusema alijua kuna mahali pa kubanwa. Akameza, akavimba, akaipiga meza makofi. Mama wa bibi harusi akawa anampigia simu kila asubuhi: "Mwanangu, binti yangu keshaanza kichefuchefu, na video ya harusi bado?"

Mwishowe akarudi dukani, moto juu. "Umeniuzia mazabodi mbovu!"

Muuzaji hakugomba. Alimtazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomtia hofu. "Nenda kafungue, bosi. Uone kadi ipi iko juu."

"Yangu. Niliiweka kwa mikono yangu."

"Kafungue tu."

Akafungua. Kadi yake, yenye kibandiko cha kamera, ilikuwa chini.

"Nani kazihamisha hizi?" Swali lilimtoka kabla hajalipima.

"Kwani kuna tofauti?" Bi Katuni alikuwa mlangoni, anafuta mikono. "Si matundu yanafanana?"

Bwana Kamera akatafuta uongo wa akiba, akakuta ghala tupu. "Nilijua," akasema. "Niliambiwa dukani. Nikataka njia zote ziwe zangu."

"Najua. Kesho yake tu nilienda kununua waya wa skrini, muuzaji akaniuliza, 'Shemeji, hizo njia nne zinakutosha?' Akasema ulichagua kwa kusudi. Nikamkatalia. Nikamwambia huyu ni mume wangu, jioni ataniambia mwenyewe." Sauti yake ikashuka. "Nikakupa jioni hiyo, nikakupa na nyingine. Ndipo nikazihamisha. Sasa nikifika lile duka nazunguka nyuma ya jengo. Naona haya kwa ajili yako."

Heri angepigwa mwiko wa jirani.

"Chungulia uvunguni mwa kitanda," mkewe akasema.

Akapiga magoti, akaingiza kichwa. Nyuma ya viatu kulikuwa na boksi, halijafunguliwa, limeshika vumbi. Ilikuwa ile mazabodi ya chipseti kubwa, nane huku, nane huku.

"Niliinunua siku ileile. Nilitaka ukishasema tu, tuifunge pamoja."

Bwana Kamera alilikumbatia boksi, lakini hakutoka.

"Toka huko."

"Bado."

"Unafanya nini humo?"

"Naona haya," ilisema sauti ya uvunguni.

Simu ikalia mezani. Bi Katuni akaitazama, akavua viatu, akalala sakafuni, akaingia uvunguni naye.

"Ni mama wa bibi harusi," akanong'ona. "Sogea."